Kurejesha Faili za Tovuti ya Chama kutoka katika Nakala za Akiba

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya Kinondoni na Temeke)



Jambo litakalozungumzwa leo ni la kazi za ofisi, na baadhi ya waliohudhuria huenda wakaona kwamba lingefaa kuachiwa vijana wa kompyuta. Yafaa wasubiri kidogo. Katibu wa chama cha akiba na mikopo ameaminiwa kutunza kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hizo siku hizi haziko katika kabati la chuma peke yake. Baadhi ya vyama vina tovuti ambamo wanachama husoma tangazo la mkutano mkuu, huangalia kiwango cha riba, na, jambo lililo zito zaidi, hujaza fomu ya kuomba mkopo pasipo kupanda daladala kwenda ofisini. Tovuti hiyo ikiharibika, atakayeulizwa ni katibu. Fundi aliyeitengeneza aghalabu amekwisha lipwa na kwenda zake.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba tovuti si daftari la chama. Taarifa ambazo chama huwasilisha kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika zimo katika mfumo wa serikali uitwao MUVU, na vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa na COASCO vina utaratibu wake. Yatakayosemwa hapa hayahusu vitabu hivyo. Yanahusu faili za tovuti na fomu zilizomo ndani yake, ambazo watu wengi hudhani kuwa hazina uzito mpaka siku zinapopotea.

Habari ya chama kimoja cha upande wa Mbagala itasaidia kulieleza jambo lenyewe. Jina lake halitatajwa, kwa kuwa waliopatwa wamekubali habari yao isimuliwe kwa sharti hilo.

Asubuhi ya Jumatatu moja, kabla ofisi haijafunguliwa, wanachama watano walikuwa wamekwisha simama barazani. Mmoja wao, mama lishe wa sokoni, alimwonyesha katibu simu yake. Mahali palipokuwa na jina la chama na picha ya mkutano mkuu palikuwa na matangazo ya kamari, yameandikwa kwa lugha ambayo hapakuwa na aliyeweza kuisoma.

“Mama Katibu, habari za asubuhi. Kwani chama kimeuzwa?”

“Hakijauzwa, mama. Karibu ukae, tuangalie.”

Swali lile halikuwa la kipuuzi. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mwaka 2009, pale DECI ilipofungwa, na watu waliokuwa wameambiwa kwamba wanapanda mbegu wakabaki na karatasi mkononi. Mtu aliyeona hivyo mara moja haoni matangazo ya ajabu katika tovuti ya chama chake akatulia. Kufikia adhuhuri barua tatu za kuomba kutoa akiba zilikuwa mezani kwa katibu.

Katibu alimpigia simu kijana aliyeitengeneza tovuti. Kijana alikuwa amehamia Mwanza kikazi. Alikuwa muungwana: aliyataja maneno ya siri kwa simu, akamwongoza katibu kuingia katika paneli ya usimamizi, akamwonyesha mahali penye nakala za kila siku ambazo kampuni inayopangisha nafasi huziweka kwa muda wa siku saba. Wakachagua iliyo ya zamani kuliko zote, wakabonyeza kitufe cha kurejesha. Jioni ile tovuti ilikuwa na sura yake ya kawaida, na katibu akalala vizuri.

Jumanne asubuhi matangazo ya kamari yalikuwa yamerudi.

Siku ya Jumatano ilikumbukwa kwamba katibu aliyetangulia aliacha katika kasha la chama kidude cha kuhifadhia data, kile ambacho watu hukiita flashi, kimebandikwa karatasi iliyoandikwa NAKALA KAMILI. Furaha ilikuwa kubwa, ila haikudumu, maana paneli ilikataa kukirejesha. Ikabidi faili itumwe kwa kampuni, na Alhamisi wahudumu wa kampuni wakairejesha wao wenyewe. Safari hii tovuti ilipona. Kila kitu kilikuwa sawasawa kama kilivyokuwa siku nakala ile ilipochukuliwa, yaani miezi miwili nyuma.

Na fomu zote za maombi ya mikopo zilizojazwa katika miezi miwili hiyo zilikuwa zimetoweka.

Katika chama kile fedha za kukopesha hazitoshi wote kwa mara moja, hivyo kamati ya mikopo huwapa watu kwa zamu, kwa kufuata tarehe ya ombi. Mama lishe aliyetajwa alikuwa ameomba mkopo wa kumpeleka mwanawe kidato cha tano. Aliijua zamu yake. Sasa hapakuwa na mtu aliyeweza kuithibitisha, na watu waliokuwa nyuma yake walianza kusema kwamba walikuwa mbele.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Mvamizi aliyeingia katika tovuti hakuzigusa fomu. Alitaka mahali pa kubandika matangazo yake, basi. Fomu zilikuwamo Jumatatu, zilikuwamo Jumanne, na Jumatano zilikuwamo. Zilifutwa siku ya Alhamisi na watu waliokuja kuokoa. Na mambo ya namna hii si ya chama kimoja: kazi ya kurejesha, ikifanywa kwa pupa, yaweza kuharibu zaidi ya uharibifu uliokusudiwa kurekebishwa.

Ili kuelewa jinsi ilivyotokea, yafaa kuijua nyumba yenyewe. Tovuti ya chama haikai ndani ya kompyuta ya ofisini. Inakaa katika kompyuta kubwa iitwayo seva, iliyo mali ya kampuni inayopangisha nafasi. Seva nyingine ziko hapa hapa nchini, kama zilizomo katika kituo cha taifa cha data kilichoko Kijitonyama. Nyingine ziko Ulaya au Marekani. Chama ni mpangaji. Paneli ya usimamizi, na inayotumiwa na kampuni nyingi ni ile iitwayo cPanel, ni shada la funguo za vyumba alivyopangishwa. Funguo za nyumba nzima anazo mwenye nyumba peke yake.

Ndani ya nafasi hiyo vitu vimewekwa mahali pawili, na hili ndilo ambalo makatibu wengi hawajaelezwa. Pahali pa kwanza ni folda ambamo zimo faili za tovuti: picha, kurasa, na programu inayoziendesha. Katika cPanel folda hiyo huitwa public_html. Pahali pa pili ni kanzidata, ambayo ni kama leja yenye safu na mistari, na humo ndimo yanamoingia maandishi ya matangazo na fomu zinazojazwa na wanachama. Mtu aliyenakili folda bila kanzidata ana jengo lisilo na vitabu. Aliyenakili kanzidata bila folda ana vitabu vilivyorundikwa nje uwanjani. Siku ya kurejesha vinatakiwa vyote viwili, na viwe vya siku moja au zinazokaribiana sana.

Nakala nazo ni za aina mbili. Ipo nakala kamili, inayobeba akaunti nzima ya chama: folda, kanzidata, barua pepe na mipangilio. Jina lake linavutia, na ndiyo sababu katibu aliyetangulia kule Mbagala aliichagua. Lakini katika cPanel mpangaji anaweza kuitengeneza na kuipakua nakala hiyo, ila hawezi kuirejesha mwenyewe. Anayeweza ni mwenye funguo za seva nzima. Inafaa sana chama kinapohama kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Usiku wa dharura, wakati wahudumu wa kampuni hawapokei simu, haifai kitu. Aina ya pili ni nakala za sehemu, folda peke yake na kanzidata peke yake, kila moja katika faili yake. Hizi mwenye akaunti huzirejesha kwa mkono wake mwenyewe. Basi chama kichukue zote, nakala kamili mara chache na nakala za sehemu mara nyingi, na juu ya kila moja iandikwe tarehe na aina yake kwa maneno ambayo katibu mgeni ataelewa. “Nakala kamili” bila tarehe ni maandishi ya kumdanganya mrithi.

Sasa swali la Jumanne asubuhi. Kwa nini matangazo ya kamari yalirudi? Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba mvamizi hakuingia siku ile alipojionyesha. Alikuwa ameingia majuma matatu kabla, akaacha faili yake ndogo katikati ya faili za chama, akasubiri. Nakala zote saba za kampuni, tangu ya zamani hata ya karibuni, zilimbeba ndani yake. Ya pili ni kwamba kurejesha folda kwa njia ya kawaida kunaweka faili za nakala juu ya zilizopo. Faili yenye jina lile lile hufunikwa, lakini faili ambayo haimo katika nakala huachwa ilipo. Hata kama nakala ingekuwa safi, faili ya mvamizi ingebaki, kama mtu anayepaka rangi ukuta huku mchwa wamo ndani.

Dawa yake ni rahisi, nayo haigharimu hata senti moja. Kabla ya kurejesha folda, iliyopo ibadilishwe jina kwanza, kwa mfano iitwe “iliyoharibika” pamoja na tarehe, kisha itengenezwe folda mpya tupu yenye jina la asili, na nakala ifunguliwe humo. Tovuti itasoma folda mpya tu. Ile ya zamani haionekani tena kwa watu, na wakati huo huo haijapotea. Fundi ataichunguza kwa utulivu kuona mvamizi alipita mlango gani.

Kanzidata ina tabia tofauti, na hapa ndipo Mbagala ilipoumia. Nakala ya kanzidata inaporejeshwa, kwa kawaida jedwali lililopo hufutwa lote na la zamani likawekwa mahali pake. Hakuna kuchanganya mistari ya jana na ya leo. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kubonyeza chochote kinachoitwa kurejesha, ni kuchukua nakala ya kile kilichoharibika. Watu hustaajabu wanapoambiwa hivi. Kwa nini mtu ahifadhi uchafu? Kwa sababu ndani ya uchafu zimo fomu za wiki hii. Nakala hiyo ipakuliwe, iwekwe tarehe, itiwe kashani. Baadaye, hata baada ya mwezi, fundi anaweza kuifungua pembeni na kuzitoa fomu moja moja. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Kama ingefanywa Jumatatu ile, mabishano ya zamu yasingalizuka.

Iliwezekana hata baadaye kidogo. Nakala za kila siku za kampuni zilikuwa na kanzidata ya Jumatano, yenye fomu zote. Lakini hakuna aliyelifikiria hilo katika msukosuko ule. Mjumbe mmoja wa bodi, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeuliza, na alipouliza ilikuwa wiki moja na siku mbili tangu tovuti iliporejeshwa. Kampuni ilijibu kwa adabu kwamba nakala iliyo ya zamani kuliko zote waliyokuwa nayo ni ya siku saba.

Ni vema katibu ausome mkataba wa kampuni iliyopangisha nafasi, hasa ile aya ndogo iliyo mwishoni. Katika mikataba mingi ya namna hii imeandikwa kwamba nakala za kampuni ni za hisani, na kwamba mteja ndiye mwenye jukumu la kutunza nakala zake. Siku saba si nyingi kwa chama ambacho katibu wake hufungua tovuti mara moja kwa mwezi.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba nakala ya zamani hurejesha pia ubovu wa zamani. Ikiwa mvamizi aliingia kwa sababu programu ya tovuti haikuwa imesasishwa, basi programu iliyomo katika nakala ina tundu lile lile. Baada ya kurejesha, na kabla ya kuwatangazia wanachama, programu isasishwe, na maneno ya siri yabadilishwe yote: la paneli, la kuingilia katika tovuti, na la kanzidata. Hili la mwisho huandikwa pia ndani ya faili ya mipangilio ya tovuti, na likibadilishwa upande mmoja tu, tovuti itagoma kabisa, na katibu atadhani ameharibu tena. Kisha tovuti itazamwe kwa simu ya mtu mwingine, kwa sababu simu ya katibu yaweza kuwa inaonyesha ukurasa iliouhifadhi tangu jana.

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya watu wasio na elimu ya kompyuta. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake hasa ni kuwahifadhia wataalamu programu zao, mtaalamu mmoja aliyekuwa kazini mpaka usiku alifuta kanzidata katika seva isiyo yenyewe. Kati ya gigabaiti takriban 300 zilisalia nne na nusu tu. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Ilipotafuta, iligundua kwamba hata moja haikuwa ikifanya kazi kama ilivyodhaniwa. Njia moja ilikuwa imeshindwa kwa muda, na barua pepe za onyo zilizotakiwa kuwaarifu zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hapakuwa na mtu aliyejua. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa bahati saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Kazi za saa sita zilipotea moja kwa moja. Kinachostahili sifa ni kwamba waliyaeleza yote hadharani siku ile ile, bila kuficha, na ndiyo maana leo yanaweza kusimuliwa hapa.

Hivyo nakala haijulikani kuwa nzima kwa kuitazama jina lake katika orodha. Hujulikana kwa kurejeshwa. Kila chama kiweke siku moja kila miezi mitatu ambapo nakala hurejeshwa katika folda ya majaribio, pembeni, palipofungwa kwa neno la siri, bila kugusa tovuti inayotumika. Katibu akae hapo na mjumbe mmoja wa bodi. Waangalie mambo machache tu: je, nakala inafunguka? Je, fomu ya mwisho iliyoingia kabla ya tarehe ya nakala imo? Je, ukubwa wa faili unalingana na wa miezi iliyopita, au umepungua ghafla bila sababu? Kisha waandike matokeo katika kitabu cha kumbukumbu za ofisi kwa kalamu, wote wawili watie sahihi. Na folda ya majaribio ifutwe siku hiyo hiyo, maana tovuti ya pili iliyosahaulika pembeni ni mlango mwingine wa mvamizi.

Mahali pa kuweka nakala pana maneno yake. Nakala iliyo ndani ya nafasi ile ile ya tovuti, kwanza inakula nafasi ambayo chama kimeilipia, na pili itaungua pamoja na tovuti. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto lote, na tovuti kwa mamilioni zikazimika. Wapo wateja waliokuwa wameilipia huduma ya nakala. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamua kesi ya mteja mmoja ambaye nakala zake zilikuwa zimewekwa ndani ya jengo lile lile lililoungua. Alishinda kesi, lakini data yake haikurudi.

Nyumbani nako mifano ipo. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la jeshi Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafariki, na nyumba nyingi zikaharibika. Desemba 2011 mafuriko yaliingia katika mabonde ya jiji, na familia zilizopoteza makazi zikahamishiwa Mabwepande. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua usiku. Kasha la ofisini ni mahali pema, lakini lisiwe mahali pekee. Wala isifikiriwe kwamba ughaibuni kunatosha: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadhoofika nchini kote, na aliyekuwa na nakala yake Ulaya tu alilazimika kungoja.

Liko pendekezo linalofaa kufikiriwa na vyama wanachama, kwa sababu ni la kiushirika na ni la gharama ndogo. Chama cha Temeke na chama cha Kinondoni vihifadhiane nakala. Kila mwezi makatibu wanapokutana, wabadilishane vidude vyao vya kuhifadhia, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa neno la siri ambalo mwenzake halijui, ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri. Nakala ya Chamazi ikalale Tegeta, ya Tegeta ikalale Chamazi. Jambo la neno la siri si la kupuuzwa. Ndani ya nakala mna majina ya wanachama, namba zao za vitambulisho, simu zao na kiasi wanachodaiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimsamehe katibu aliyepoteza kidude ndani ya basi la mwendokasi ati kwa sababu kilikuwa kidogo.

Funguo zenyewe ni mali ya chama. Mbagala ilisaidiwa na uungwana wa kijana aliyekuwa Mwanza. Chama kingine kingekuta simu imezimwa. Akaunti ya paneli na jina la tovuti viandikishwe kwa jina la chama, kwa anwani ya barua pepe ya ofisi isiyobadilika katibu anapobadilika. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe bahasha, yawekwe kashani pamoja na mihuri. Katika hati ya makabidhiano, pale panapoorodheshwa vitabu, stakabadhi na fedha taslimu, paongezwe mstari wa funguo za tovuti na nakala za akiba, na katibu anayepokea asitie sahihi kabla hajaziona zikifanya kazi. Fundi apewe ruhusa anapokuwa na kazi, na kazi ikiisha ruhusa iondolewe. Huko si kumdharau. Fundi mzuri mwenyewe hupenda hivyo, maana siku ya matatizo hatashukiwa.

Kuhusu zamu za mikopo kule Mbagala, kamati iliwaita waombaji wote waje na simu zao. Waliokuwa bado na ujumbe wa kuthibitisha maombi walipangwa kwa tarehe na saa za ujumbe. Waliobaki walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa yule mama lishe, ambaye simu yake ilikuwa imejaa na ujumbe ameufuta. Alisema kwamba fomu yake hakuijaza yeye. Alijaziwa na kijana wa duka la steshenari lililo karibu na kituo cha basi. Katibu alikwenda hapo kwa miguu. Kijana alikuwa na daftari la shule, kurasa arobaini na nane, ambamo kila siku huandika jina la mteja, kazi aliyomfanyia na fedha aliyolipwa, kwa kuwa mwenye duka hulikagua jioni. Jina la mama lilikuwamo, na mbele yake maneno “fomu ya chama”, pamoja na tarehe. Kamati ililikubali daftari lile, na mkopo ukatoka kabla shule hazijafunguliwa. Waombaji wawili hawakupata ushahidi wowote, wakapangwa mwisho wa orodha kwa uamuzi wa bodi, na mmoja wao alijitoa katika chama.

Tangu hapo chama kile huchukua nakala za sehemu kila Ijumaa jioni, na hufanya jaribio la kurejesha kila robo mwaka. Jaribio la kwanza lilifanyika mbele ya bodi nzima, watu wameletewa chai. Kidude kilichomekwa katika kompyuta, na kompyuta ikasema haikisomi. Kilikuwa kibovu tangu kiliponunuliwa. Katibu alimtuma mtu dukani kununua kingine, na jaribio likarudiwa saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo.